Bunduki ya samaki, kayaki na mwamba: yale ambayo anayevua kwa burudani anapaswa kujua

Wakazi wengi wa pwani ya Kaunti ya Kilifi huvua ili kupata chakula na riziki. Wapo pia wanaovua kwa burudani: mfanyakazi anayetoka na mshipi siku ya mapumziko, kijana aliyeazima kayaki ya rafiki, au mgeni aliyekuja likizo Watamu au Malindi. Baadhi yao huuliza kama wanaruhusiwa kuzamia na bunduki ya samaki, hasa wale ambao wameona mchezo huo ukifanywa katika nchi nyingine.

Jibu ni hapana. Bunduki ya samaki imepigwa marufuku nchini Kenya. Makala haya yanaeleza kwa nini, na jinsi mkazi anavyoweza kufurahia uvuvi wa kayaki bila kuvunja sheria, kuhatarisha maisha au kumharibia mvuvi mwenzake.

Kifaa chenyewe

Bunduki ya samaki ni mti au bomba lenye kifyatuo, mpira wa kuvutwa na chuma chenye ncha. Zile za dukani hutengenezwa kwa alumini au mbao ngumu. Zile za kienyeji huundwa kwa kipande cha mbao, mpira uliokatwa kutoka tyubu ya gari na ufito wa chuma. Mzamiaji huvaa miwani ya majini, hushikilia pumzi, hushuka hadi kwenye mwamba na kumlenga samaki mmoja mmoja.

Fimbo na mkuki wa mkono anaobeba mvuvi wa pweza anapotembea mwambani maji yakitoka ni vifaa vingine. Havina kifyatuo wala mpira. Hata hivyo, anayetaka kuvitumia aulize kwanza kwa kamati ya Kikundi cha Usimamizi wa Ufuo, yaani BMU, ya mahali hapo, kwa sababu kila ufuo unaweza kuwa na kanuni zake kuhusu maeneo na misimu.

Sheria inasemaje

Marufuku ya bunduki ya samaki ilichapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali mwezi wa Novemba 2001, pamoja na ile ya juya, wavu unaokokotwa hadi ufuoni. Hivi leo shughuli zote za uvuvi zinaongozwa na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016. Marufuku haibagui anayevua kwa riziki na anayevua kwa burudani, wala mwenyeji na mgeni. Kupatikana na bunduki hiyo ufuoni au chomboni kunatosha kumwingiza mtu matatani, hata kama hajapata samaki.

Uvuvi wa burudani kwa mshipi unaruhusiwa, ila unahitaji leseni. Mkazi anashauriwa kufika ofisi ya uvuvi iliyo karibu naye kabla ya kuingia majini, aeleze anakusudia kuvua wapi na kwa kifaa gani, kisha aelekezwe.

Jambo la tatu ni mahali. Mbuga za Kitaifa za Baharini za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968 na ambazo sasa husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, haziruhusu uvuvi wa aina yoyote. Ndani ya mbuga hizo hata mshipi mmoja ni kosa. Katika hifadhi za baharini zinazopakana nazo, uvuvi wa kiasili unaruhusiwa kwa masharti. Mtu aliye kwenye kayaki hawezi kuuona mpaka wa mbuga juu ya maji kama anavyoona ua wa shamba, hivyo ni wajibu wake kuujua kabla ya kutoka.

Kwa nini imekatazwa

Wanaoitetea bunduki ya samaki husema kwamba huchagua: mvuvi humwona samaki kabla ya kumpiga, tofauti na wavu unaozoa wakubwa na wadogo. Hoja hiyo ina ukweli wake. Lakini katika miamba yetu iliyo karibu na ufuo, yenye maji mafupi na wavuvi wengi, uchaguzi huo ndio unaoleta madhara.

Kwanza, mzamiaji humchagua samaki mkubwa. Chewa na pono wengi huanza maisha wakiwa majike, kisha baadhi yao hugeuka kuwa madume wanapokua. Ukiwaondoa wakubwa kila siku, unaondoa madume pamoja na majike yenye mayai mengi zaidi. Wanaobaki ni wadogo, na mayai ya msimu unaofuata hupungua.

Pili, samaki wa mwambani hukaa mahali pamoja. Chewa ana pango lake, na pono hulala usiku katika nyufa za matumbawe. Mtu mwenye tochi na bunduki anaweza kuumaliza mwamba mdogo kwa muda mfupi.

Tatu, kila samaki ana kazi yake. Pono hula mwani unaofunika matumbawe. Kikande huwala viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu ambao wakazi wengi wamewahi kuwakanyaga. Watafiti waliochunguza miamba ya Kenya kwa miaka mingi wameonyesha kwamba pale kikande walipovuliwa sana, viumbe hao wa miiba huongezeka na kuutafuna mwamba wenyewe. Mwamba ukiliwa, makao ya samaki wachanga hupotea, na mvuvi wa mshipi na mvuvi wa malema hukosa pamoja.

Nne, samaki aliyechomwa hawezi kurudishwa. Mvuvi wa mshipi akipata samaki mchanga, anaweza kumwachilia akiwa hai. Mwenye bunduki akikosea, amekosea moja kwa moja. Chuma kilichomkosa samaki nacho huvunja matumbawe, ambayo hukua polepole mno.

Hali ya anayeitegemea

Ni muhimu kusema wazi kwamba bunduki ya samaki haitumiwi kwa burudani peke yake. Kijana asiye na chombo wala fedha za nyavu anaweza kuiunda kwa gharama ndogo na kupata kitoweo siku hiyo hiyo. Kwake yeye, marufuku ni sawa na kuondolewa sahani mbele. Ndiyo maana mgeni mwenye uwezo anayezamia na bunduki kwa mchezo, au anayemlipa kijana amzamie, anatenda makosa mawili: anavunja sheria, na anamfundisha kijana kwamba sheria ni ya maskini.

Njia inayofaa zaidi ni kijana huyo kujiunga na BMU ya ufuo wake, ambako huandikishwa kama mvuvi na kusikilizwa maamuzi yanapofanywa. Mshipi, ndoana na malema ni vifaa halali ambavyo gharama yake haifikii ya boti wala nyavu kubwa. Anayeijua miamba na kuogelea vizuri anaweza pia kupata kazi ya kuwaongoza wageni wanaotaka kutazama samaki kwa miwani.

Kuitayarisha kayaki

Kwa uvuvi wa baharini, kayaki inayokaliwa juu ndiyo inayofaa zaidi kwa anayeanza. Ikipinduka haijai maji kama ile ya kuingia ndani, na mtu anaweza kuipanda tena. Zoezi la kupanda tena lifanywe kwenye maji mafupi, mara kadhaa, kabla ya safari ya kwanza. Asiyeweza kurudi juu ya kayaki akiwa karibu na ufuo hataweza akiwa nje ya mwamba.

Jaketi la kuokolea maisha livaliwe na kufungwa. Likiwekwa nyuma ya kiti halitamsaidia aliyeanguka. Kasia lifungwe kwa kamba fupi, kwa sababu kayaki bila kasia huenda inakopelekwa na maji. Filimbi ining'inizwe kwenye jaketi. Simu iwekwe katika mfuko usioingiza maji, pamoja na kisu kidogo cha kukatia mshipi uliojisokota mguuni. Maji ya kunywa, kofia na kitambaa cha rangi kali juu ya kijiti humsaidia mvuvi kuvumilia jua na kuonekana na boti za injini.

Vitu vizito, kama sanduku la barafu, viwekwe katikati na chini. Ndoana zifunikwe hadi zitakapohitajika. Nanga iwe ndogo na itupwe mchangani tu, kamwe si juu ya matumbawe. Mwamba ukiwa chini, ni heri kuelea na kupiga kasia kidogo kidogo.

Upepo na maji

Kayaki ni nyepesi, na upepo huisukuma haraka. Wakati wa kusi bahari huchafuka nje ya mwamba, na siku nyingi anayeanza hafai kutoka kabisa. Kaskazi huwa na siku tulivu zaidi, lakini upepo wake unaweza kuongezeka mchana. Umande, upepo mwembamba wa alfajiri utokao bara, humdanganya mtu: kwenda ni rahisi, kurudi ni kazi.

Maji nayo yana kalenda yake. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Maji hayo yote hupita kwenye milango ya Kilifi Creek na Mida Creek, na mkondo wa maji yanayotoka huweza kumshinda mpiga kasia mwenye nguvu. Anayeanza achague siku za maji mafu, abaki ndani ya mwamba, na aulize wazee wa ufuo kabla ya kuondoka. Amwachie pia mtu wa nchi kavu habari ya mahali anakoenda na saa ya kurudi.

Anayezamia kutazama samaki asizamie peke yake. Kupumua kwa haraka mara nyingi kabla ya kuzama hakuongezi hewa ya maana mwilini. Huondoa tu hisia ya kutaka kupumua, na mzamiaji anaweza kuzimia majini bila dalili yoyote. Kanuni ni ya watu wawili: mmoja chini, mmoja juu akimtazama.

Uungwana wa mvuvi wa burudani

Anayevua kwa burudani ana chakula kingine nyumbani. Hivyo anatarajiwa kuwa mwangalifu kuliko anayevua kwa riziki. Achukue samaki wa kutosha mlo mmoja wa jamaa yake, na kisha aache. Samaki mchanga arudishwe majini. Ndoana ya duara hushika pembeni mwa mdomo na si tumboni, hivyo samaki anayeachiliwa huwa na nafasi nzuri ya kuishi. Mikono ilowe kabla ya kumshika, na asikae nje ya maji kwa muda mrefu.

Kamba wa mwambani mwenye mayai arudishwe. Kasa asiguswe, kwani analindwa na sheria. Pweza jike hutaga mara moja maishani, hulinda mayai yake bila kula, kisha hufa. Anayemtoa pangoni akiwa amelalia mayai humaliza kizazi kizima. Mshipi uliokatika usiachwe mwambani. Malema na nyavu za mwingine zisiguswe, hata kwa nia ya kuchungulia.

Mfano wa Kuruwitu

Mwamba uliochoka unaweza kupona ukipumzishwa. Wakazi wa Kuruwitu, karibu na Vipingo, walipoona samaki wamepungua, walikubaliana mwaka 2005 kutenga eneo la takriban hekta 30 ambalo hakuna anayevua ndani yake. Wanaliita tengefu. Uamuzi huo haukuwa rahisi, kwani waliotenga ni wavuvi wenyewe. Samaki walirudi, na mwaka 2017 juhudi hizo zilitambuliwa kimataifa kwa Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Mvuvi wa kayaki anayekatiza tengefu huku ameshusha mshipi anaiba akiba ambayo wengine waliiweka kwa kujinyima.

Kabla ya kuingia majini

Mkazi anakumbushwa kuhakikisha mambo haya:

• Ana leseni ya uvuvi wa burudani.
• Hana bunduki ya samaki.
• Amejua mipaka ya mbuga, hifadhi na tengefu zilizo karibu.
• Amezungumza na BMU ya ufuo anakotokea.
• Amevaa jaketi la kuokolea maisha na amefunga kasia.
• Ametazama utabiri wa hali ya hewa na saa za maji kujaa na kupwa.
• Amemwambia mtu anakwenda wapi na atarudi lini.

Anayemiliki bunduki ya samaki na ambaye hakujua kwamba imekatazwa anashauriwa asiitumie wala kuiuza, bali afike ofisi ya uvuvi na kuuliza namna ya kuisalimisha. Aliyeona mtu akiitumia aeleze BMU au maafisa wa uvuvi, na asijichukulie sheria mkononi.