Weston, Kikuyu na altare mbili za Kusini

Barabara itokayo Mtwara hupita Mikindani, ikafika Ndanda kwenye abasia ya Wabenediktini iliyoanza kama misheni mwaka 1906, kisha Masasi, ambako Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, aliwapeleka watumwa walioachwa huru mwaka 1876. Katika ukoo mmoja wa Kimakonde au Kimakua utakuta Wakatoliki na Waanglikana. Wanazikana, wanaozeshana, lakini Jumapili hawapokei ekaristi kwenye altare moja. Wapo wanaosema mgawanyiko huu ni mzigo wa wageni, utupwe tu. Uchungu wao naufahamu. Dawa yao naikataa. Unyenyekevu hauanzi kwa kujifanya hatutofautiani, na ushahidi ninaoutegemea ni wa mtu anayekumbukwa zaidi kama mpinzani wa umoja.

Mtu huyo ni Frank Weston, aliyekuwa askofu wa Kianglikana wa Zanzibar tangu 1908, na Masasi ilikuwa chini yake, kwani haikupata dayosisi yake hadi 1926. Juni 1913 wamisionari wa Kiprotestanti walikutana Kikuyu, Kenya, kupanga shirikisho, wakamalizia kwa ekaristi iliyoongozwa na Peel, askofu wa Kianglikana wa Mombasa, ambamo Wapresbiteri na Wamethodisti walikaribishwa. Weston aliwashtaki Peel na Willis, askofu wa Kianglikana wa Uganda, kwa uzushi mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Makanisa hayo mawili yaliyokaribishwa hayakuwa na maaskofu kama wa Kianglikana, na kwake suala la uaskofu halikuwa jambo la kufunikwa kwa ibada moja. Hata hivyo, mwaka 1918 alifunga safari mwenyewe hadi Kikuyu, akawapelekea wamisionari wa misheni zile zile mapendekezo yake ya kuungana. Hawakuyakubali. Miaka miwili baadaye, kwenye mkutano wa Lambeth, aliunga mkono wito kwa Wakristo wote, ambamo maaskofu wa Kianglikana walitamka kwamba, yakipatikana maafikiano ya umoja, wangepokea kwa hiari kibali cha huduma kutoka kwa makanisa mengine. Askofu kukubali kupewa kibali na kanisa lisilo na askofu! Hapo ndipo ninapouona unyenyekevu.

Msomaji atasema: alishindwa, na alianza kwa ukali. Ukali ule siutetei. Kushtaki kwanza na kwenda kuzungumza baadaye ni kosa, na liliumiza wengi. Kuhusu kushindwa, nauliza: anayekubaliana na jirani kwa kuwa suala lenyewe halimgusi, ametoa nini? Weston alitoa kitu alichokithamini. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Biblia ya Kiswahili. Waprotestanti wa pwani walikuwa na tafsiri ya Unguja, aliyoianzisha Steere huyo huyo, na ya Mombasa. Ili wapate Biblia moja ya mwaka 1952, kila upande ulilazimika kuachia maneno uliyozoea kusali nayo, baada ya kuyabishania neno kwa neno.

Ekaristi ni nzito kuliko msamiati, nakubali. Basi mapadri wa Ndanda na wa Masasi waanze na swali gumu zaidi, la nani ana daraja halali la upadri, mbele ya waumini wao, kila upande ukitaja kwanza kile ulicho tayari kupokea kutoka kwa mwingine.