Mvuke wa Olkaria: Marafiki Walituachia Nini?

Ukifunika sufuria ya maharagwe motoni, baada ya muda kifuniko huanza kurukaruka. Ni mvuke unatafuta njia. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, Mungu ameweka sufuria kubwa chini ya ardhi. Maji yaliyo chini sana huchemshwa na miamba yenye moto. Watu huchimba kisima cha kilomita mbili au tatu, mvuke unapanda, unazungusha mitambo na umeme unapatikana. Umeme huo huingia katika laini ya taifa, ile ile inayofika Bungoma na Kitale.

Kazi yenyewe si rahisi. Kisima kimoja hugharimu mamilioni ya dola, na pengine kisitoe mvuke wa kutosha. Visima viwili vya kwanza, vilivyochimbwa miaka ya 1950, havikufaa na kazi ikaachwa. Mwaka 1970 Umoja wa Mataifa ulishirikiana na serikali yetu kutafuta tena. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulianza kazi mwaka 1981. Baadaye Benki ya Dunia, Japani na wengine walikopesha pesa za kupanua kazi. Lakini tukumbuke, mkopo si zawadi. Mkopo hulipwa.

Basi ni nini kilichobaki mikononi mwetu? Ni ujuzi. Nchi ndogo ya Iceland, ambayo hutumia joto la ardhini hata kupasha nyumba joto, ilianza mwaka 1979 kupokea wanafunzi kutoka nchi nyingine kwa masomo ya miezi sita. Hakuna nchi iliyopeleka wanafunzi wengi kama Kenya. Walirudi, wakafundisha wenzao. Tangu mwaka 2005 mafunzo mafupi yamefanyika hapa Kenya kwa ajili ya nchi za Afrika. Kisha mwaka 2019 kampuni yetu ya KenGen ilipata kandarasi ya kuchimba visima vya mvuke Ethiopia, na mwaka 2021 Djibouti. Aliyekuwa mwanafunzi sasa ni fundi!

Na sisi katika vikundi vyetu je? Wahisani wakija kutuchimbia kisima cha maji, tunaimba na kupiga makofi. Wakishaondoka, pampu inaharibika, akina mama wanarudi mtoni na ndoo. Hapo tumepokea kisima, hatukupokea ujuzi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona kama fundi ni mgeni peke yake.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Katika miradi yetu, ni kitu gani kikiharibika leo hatuwezi kukitengeneza wenyewe?

2. Ni kijana gani, mvulana au msichana, tunaweza kumchangia karo akajifunze kazi hiyo?

3. Mhisani akija kesho, tutamwomba atufundishe nini kabla hajaondoka?