Vidonda vya Chuchu na Asali ya Tabora

Njia kuu ya misafara ya karne ya 19 ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Tabora, na kutoka hapo ikaendelea mpaka Ujiji kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Vitabu vya historia huwataja wapagazi wa Kinyamwezi na mizigo yao ya pembe, lakini aghalabu husahau kwamba wengi kati ya wapagazi hao walifuatana na wake zao, na kwamba baadhi ya wanawake hao walikuwa na watoto wachanga mgongoni. Mtoto mchanga wa safarini alitegemea titi la mama yake. Titi likipata kidonda, taabu ilikuwa ya watu wawili.

Misafara ilikwisha, na reli ilifika Tabora mwaka 1912. Kidonda hicho, hata hivyo, kingali kinawapata akina mama, hasa katika juma la kwanza baada ya kujifungua. Chuchu huchubuka, hupasuka, pengine hutoa damu, na mama hufunga macho kwa uchungu kila mtoto anapolilia titi. Kwa kuwa Tabora ni nchi ya miombo na ya nyuki, na nyumba isiyo na chupa ya asali ni nadra, swali huzuka lenyewe: asali inayosifiwa kwa kuponya vidonda, kwa nini isipakwe na hapa?

Swali hilo si la kipuuzi. Sifa ya asali ina msingi katika kemia. Sehemu nne katika tano za asali ni sukari, na maji yake kwa kawaida hayafiki asilimia 20. Kwa sababu hiyo bakteria wanaotumbukia ndani yake hunyonywa maji kwa osmosisi. Asali pia ni tindikali, na ina kimeng'enya ambacho, asali inapozimuliwa na majimaji ya kidonda, hutengeneza haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo. Hospitali nyingi duniani huitumia kwa vidonda vya moto. Lakini kidonda cha chuchu kinatofautiana na kidonda cha moto kwa mambo mawili: kwanza ni chanzo chake, na pili ni kinywa kinachokirudia kila baada ya saa mbili au tatu.

Tuanze na chanzo, kwa maana ndipo penye tiba. Watu wengi hudhani kwamba ngozi ya chuchu ni laini mno na kwamba hapana budi ikomazwe kabla ya uzazi kwa kusuguliwa. Daktari wa Kiingereza Mavis Gunther, aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 1945, alionyesha kwamba maelezo yanapaswa kutafutwa katika namna mtoto anavyonyonya. Mtoto hapati maziwa kwa kutafuna chuchu. Hulivuta titi ndani ya kinywa, hufunga midomo pasipite hewa, kisha huushusha ulimi. Nafasi ndani ya kinywa huongezeka, kanieneo hupungua, na maziwa husukumwa kutoka kwenye titi kuingia mahali penye kanieneo ndogo. Vipimo vilivyochukuliwa Australia na kutangazwa mwaka 2008 vilionyesha kwamba kanieneo hiyo hushuka chini ya ile ya hewa kwa wastani wa milimita 145 hivi za zebaki. Mwanafunzi akumbuke kwamba kanieneo ya hewa usawa wa bahari ni milimita 760, naye ataona kwamba kiumbe mchanga hufanya ombwe la karibu sehemu moja katika tano ya angahewa. Si nguvu ya kudharauliwa.

Nguvu hiyo haidhuru ikiwa titi limeingia vyema. Mtoto aliyeshika titi barabara huwa amejaza kinywa kwa chuchu pamoja na sehemu kubwa ya ngozi nyeusi inayoizunguka. Ncha ya chuchu hufika nyuma, karibu na mahali kaakaa gumu linapokutana na kaakaa laini, ambapo haigusi kitu kigumu. Mtoto aliyeshika chuchu peke yake huibana kati ya ulimi na kaakaa gumu, na kila mvuto huisugua palepale. Chuchu ya namna hiyo hutoka kinywani ikiwa bapa, au imekatwa mshazari kama ncha ya kalamu ya tete. Mkunga mzoefu akiiona mara moja tu hujua kosa liko wapi, na hana haja ya kuuliza umepaka nini.

Basi matibabu huanza na upakataji. Mama huketi akiwa ameegemea vizuri. Tumbo la mtoto hulielekea tumbo la mama, kichwa na mwili vikiwa katika mstari mmoja, na pua ikiwa mkabala na chuchu. Mdomo wa mtoto huguswa kwa chuchu, kisha mama husubiri. Kusubiri huku ndiko kunakowashinda wengi. Kinywa kikifunguka wazi kama cha mtu anayepiga miayo, mtoto huletwa kwenye titi upesi, kidevu kikitangulia. Titi halipelekwi kwa mtoto. Akishika sawasawa, kidevu hugusa titi, mdomo wa chini hupinduka nje, na ngozi nyeusi huonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini yake. Uchungu ukiendelea baada ya mivuto ya kwanza, mama hutia kidole safi kwenye pembe ya kinywa cha mtoto ili hewa iingie na ombwe livunjike, kisha huanza upya. Kumchomoa kwa nguvu ombwe likiwa bado lipo ni kuongeza mpasuko.

Kuhusu kidonda chenyewe, zamani akina mama waliagizwa wakikaushe, hata kwa joto la taa. Ushauri huo uliachwa baada ya George Winter kuonyesha mwaka 1962, kwa majaribio ya nguruwe, kwamba jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu huota ngozi haraka kuliko lililoachwa likauke. Tone la maziwa ya mama mwenyewe lililopakwa baada ya kunyonyesha hutosha kwa wengi. Maziwa hayo yana kingamwili na vimeng'enya vinavyopambana na bakteria. Mwaka 2014 majaribio manne yaliyohusisha wanawake 656 yalipitiwa kwa pamoja. Ilionekana kwamba kutopaka kitu, au kupaka maziwa tu, huenda kukafaa sawa na marhamu au zaidi, na kwamba kwa wanawake wengi uchungu ulipungua ukawa mdogo siku ya 7 hadi ya 10 baada ya kujifungua, tiba iwe hii au ile. Sabuni kwenye chuchu haifai, kwa kuwa huondoa mafuta ya asili yanayoilinda.

Yako maumivu yasiyoondolewa kwa upakataji. Utando mweupe kinywani mwa mtoto pamoja na chuchu inayowaka moto huashiria fangasi, na hapo mama na mtoto hutibiwa pamoja. Kipande cha titi kikiwa chekundu na kigumu, tena mama ana homa, pana uvimbe unaoweza kugeuka jipu. Mtoto mwenye ulimi uliofungwa chini kwa utando mfupi huhitaji kuangaliwa na mganga.

Hofu kubwa zaidi ni ya mama mwenye virusi vya UKIMWI. Uchunguzi uliofanywa Nairobi na kutangazwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba vidonda vya chuchu na uvimbe wa titi huongeza uwezekano wa virusi kumfikia mtoto. Uchunguzi mwingine, wa Durban mwaka 1999, ulionyesha kwamba watoto waliopewa maziwa ya mama tu waliambukizwa kwa kiasi kidogo kuliko waliochanganyiwa na vyakula vingine. Mama anayetumia dawa zake barabara hupunguza hatari hiyo mno. Akipata kidonda, aende kliniki siku hiyohiyo. Asiache dawa, wala asianze uji kwa sababu ya uchungu.

Sasa turudi kwenye chupa ya asali. Asali yaweza kuwa na mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambazo hazifi katika maji yachemkayo. Huhitaji nyuzi 121 chini ya kanieneo kubwa. Mtu mzima humeza mbegu hizo bila madhara, kwa kuwa bakteria wengine wa tumboni huzizuia zisiote. Utumbo wa mtoto mchanga haujapata walinzi hao. Mbegu zaweza kuota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli: mtoto hupata choo kigumu, hulia kwa sauti hafifu, hushindwa kunyonya, na mwisho hata kupumua. Ugonjwa huu ulitambuliwa mwaka 1976 Marekani. Ndiyo sababu mtoto hapewi asali kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na kinachopakwa kwenye chuchu ni sawa na kilichopewa mtoto. Kuifuta hakuhakikishi kuwa mbegu zimeondoka, kwa maana hazionekani kwa macho. Asali inayotumika hospitalini kwa vidonda husafishwa kwanza kwa mionzi ya gama, jambo lisilofanyika kwa ile inayouzwa kandokando ya barabara za Sikonge na Urambo.

Mama mwenyewe yuko huru kuitia asali hiyo katika chai yake, kwa kuwa mbegu hizo hazipiti kutoka tumboni mwake kuingia katika maziwa.