Vitambuzi vya mng'aro vya metali nzito

Vitambuzi vya mng'aro ni molekuli zinazotengenezwa na wanakemia ili kuonyesha metali nzito, kama vile zebaki, risasi na kadimi, ndani ya seli au kiumbe kilicho hai. Mng'aro huo, unaoitwa pia fluoresensi, hutokea dutu inapopokea mwanga wa rangi moja na kuutoa mara moja kwa rangi nyingine. Ndivyo alama za noti zinavyowaka chini ya taa ya urujuanimno dukani.

Kitambuzi kina sehemu inayoshika metali na sehemu inayong'aa. Ugumu ni kwamba metali nzito, hasa zebaki, mara nyingi huzima mng'aro badala ya kuuwasha, na giza ndani ya seli ni ushahidi dhaifu: mwanga hufifia kwa sababu nyingi. Kwa hiyo hupendelewa vitambuzi vinavyoanza gizani na kuwaka vikikutana na metali.

Rangi ya rodamini inafaa kwa kazi hiyo, kwa kuwa haing'ai pete fulani ya molekuli yake ikiwa imefungwa. Mwaka 1997 Anthony Czarnik na wenzake walitumia njia hiyo kutambua shaba. Mwaka 2005 wanakemia wa Korea Kusini walitengeneza kitambuzi cha zebaki chenye sulfuri: zebaki huing'oa sulfuri, umbo la molekuli hubadilika, na mwanga huonekana. Mwaka uliofuata kilitumika katika seli hai na katika samaki wadogo wa spishi Danio rerio. Sulfuri haikuchaguliwa ovyo. Zebaki huishika kwa nguvu, na ndiyo sababu mojawapo ya sumu yake, maana hushika pia sulfuri ya protini na kuzizuia kufanya kazi.

Picha hizo zisomwe kwa uangalifu. Metali iliyokwisha kushikwa sana na protini huenda isionekane. Kitambuzi kilichopoteza sulfuri hakirudi gizani hata zebaki ikiondoka. Tena, fura-2, iliyotangazwa mwaka 1985 na maabara ya Roger Tsien kwa ajili ya kalisi, hushika risasi na kadimi kwa nguvu zaidi kuliko kalisi yenyewe.

Anayetaka kujua kama samaki wa mto ulio karibu na machimbo ya dhahabu yanayotumia zebaki wanafaa kuliwa bado atahitaji kuyeyusha nyama yao kwa asidi na kupima kiasi cha zebaki kwa mashine. Kitambuzi kitamwonyesha kiungo gani cha samaki kinaipokea.