Mgonjwa Aliyeko Nyumbani na Riwaya za Mapenzi

Mgonjwa arudipo nyumbani kutoka hospitali, siku za mwanzo nyumba hujaa. Majirani huja na ndizi, ndugu huja na uji, na kila aingiaye ana dawa yake ya kushauri. Ikifika wiki ya tatu, wageni wamekwisha. Kila mtu amerejea shambani, naye mgonjwa, ambaye hajapata nguvu ya kushika jembe wala hana tena homa ya kumlaza, hubaki na ukuta, dirisha na mchana mrefu.

Tunasema hayo tukiifikiria kata ya Mhezi, wilayani Same, katika Milima ya Upare. Huenda msomaji wetu wa Unguja au Pemba akauliza milima ile yatuhusu nini. Yatuhusu. Mtoto wa Kipare husema Chasu nyumbani, lakini Kiswahili afundishwacho shuleni kimejengwa juu ya Kiunguja, kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Tena baadhi ya riwaya bora kabisa zilizopata kuandikwa juu ya mapenzi katika lugha hiyo zimetoka visiwani humu. Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1972, yaonyesha jinsi penzi linavyoharibiwa na tamaa ya mali. Utengano ya Said Ahmed Mohamed ilifuata mwaka 1980. Mgonjwa wa Mhezi atakaye kusoma juu ya moyo wa binadamu ana haki ya kutugeukia sisi.

Wagonjwa wa namna hii ni wengi kuliko zamani, na sababu yake ni njema. Chukueni kifua kikuu. Mkoani Kilimanjaro ipo hospitali ya Kibong'oto, iliyoanzishwa mwaka 1926, na kwa miaka mingi mgonjwa wa kifua alitarajiwa kulazwa mbali na watu wake kwa miezi. Mwaka 1959 ukatolewa uchunguzi uliofanyika Madras, India, ukionyesha kwamba aliyetibiwa nyumbani kwake alipona sawa na aliyelazwa. Leo tiba ya kawaida ni miezi 6, na mgonjwa aweza kumeza vidonge nyumbani mbele ya msimamizi, ambaye mara nyingi ni jamaa yake. Lakini vidonge humezwa kwa dakika moja tu. Saa zilizobaki za siku hakuna aliyezipangia dawa.

Hapo ndipo simu inapoingia. Kitabu cha kielektroniki kinawafaa watu wa milimani kuliko wengi wanavyodhani. Riwaya nzima isiyo na picha kwa kawaida haifikii hata megabaiti 1. Picha za video za dakika chache hula zaidi ya hapo. Ikiisha kupakuliwa, haihitaji mtandao tena, jambo lenye maana mahali ambapo mlima huweza kuukinga mnara. Herufi zaweza kukuzwa kwa macho yaliyochoka, na simu haimwelemei kifuani mtu aliyelala chali. Maktaba ya mkoa iko Moshi, kiasi cha kilomita 100 kutoka Same mjini, na hatumtarajii mtu anayekohoa kupanda basi kwenda kuazima kitabu.

Hata hivyo, kuna taabu moja ambayo kitabu cha karatasi hakikuwa nayo. Kitabu cha karatasi kina jalada. Aingiaye chumbani huona kwamba mtu anasoma. Simu haina jalada. Mama mkwe anayetoka kuchota maji akamkuta mke wa mwanawe amejifunika blanketi, macho kwenye kioo cha simu, anatabasamu peke yake, hawezi kujua kwamba anayemchekesha ni mhusika wa riwaya. Hufikiri mambo mengine. Jioni maneno humfikia mume, na nyumba iliyokuwa ikiuguza mtu mmoja sasa ina wagonjwa watatu. Mambo haya hayahitaji hakimu. Dawa iliyo karibu ni kusoma kwa sauti. Wakati makande yanachemka jikoni, na asome ukurasa mmoja mama mkwe asikie. Tuna yakini kesho yake mama mwenyewe ndiye atakayeuliza yule kijana mjeuri aliishia wapi.

Lakini tusimcheke mama huyu, kwa kuwa jicho lake ndilo jicho la ofisi nyingi za umma. Taifa letu lilifanya kazi kubwa ya kufuta ujinga. Kwa hesabu za Serikali, watu wazima wasiojua kusoma walikuwa asilimia 67 mwaka 1967, na kufikia mwaka 1986 walikuwa chini ya 10. Waliojua kusoma wakapewa vitabu vya pamba, vya kuku na vya vyoo. Hatuvibezi: kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya watu vijijini mbele ya redio na vijitabu, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Ila juu ya mapenzi, ambayo ndiyo humfurahisha na kumliza kila mtu aliyechimba choo, vitabu vilitazamwa kwa wasiwasi. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda. Mpaka leo, hadithi ya mapenzi ikitajwa katika mkutano wa maofisa, watu hutazamana na kutabasamu.

Matokeo yake ni kwamba uwanja umeachiwa wengine. Hadithi zinazozunguka katika simu nyingi ni zile zinazokatwa vipande vipande, kipande cha kwanza bure na vinavyofuata kwa malipo, zikiandikwa kwa haraka na Kiswahili cha kuparaza. Baadhi yake ni nzuri, tunakiri. Mwandishi kijana amejipatia soko pasipo kumbembeleza mchapishaji yeyote, na hilo ni jambo la kusifu. Nyingine ni uchafu mtupu. Papo hapo huzunguka nakala za riwaya maarufu zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, bila mwandishi wala warithi wake kupata senti. Sheria zipo: ya hakimiliki ya mwaka 1999 kwa Bara, na ya mwaka 2003 kwa Zanzibar. Lakini msomaji asiyeuziwa nakala halali atachukua ya wizi, na mgonjwa aliye peke yake saa nane za usiku hatauliza muhuri.

Kwa hiyo tunawaelekea wanaohusika, hapa Visiwani na kule Bara. Tangu mwaka 2023 Serikali imekuwa ikiwatuza waandishi kwa Tuzo ya Mwalimu Nyerere, na tunaipongeza. Lakini tuzo humtazama mwandishi wa leo. Riwaya za miaka ya 1970 na 1980, ambazo nakala zake hazipatikani ila kwa bahati, zinahitaji mtu wa kuketi na wachapishaji na warithi, kukubaliana malipo, na kuzitoa katika umbo la kielektroniki. Kazi hiyo haihitaji jengo jipya wala gari. Bodi ya Huduma za Maktaba nayo haina budi kufikiria namna ya kumwazima mtu kitabu bila kumdai afike dirishani. Wauguzi wa zahanati, wanapomweleza mgonjwa saa za kumeza dawa, wangeweza kumwuliza pia kama anapenda kusoma, na kumwambia jamaa yake aliyemsindikiza kwamba kusoma riwaya si uvivu.

Tungependa ianze Kiu. Imetimiza zaidi ya miaka 50, na bado ina uwezo wa kumzuia mtu asilale mpaka ajue Bahati amefikwa na nini.