Likizo ya Mume na Mke: Ni Pwani Ipi Yenye Faragha?

Upande mmoja wa kilima cha Wazo yako machimbo ya mawe ya chokaa na kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1966. Upande wa pili, mwendo mfupi baada ya kuvuka barabara ya Bagamoyo, iko Bahari ya Hindi. Hata hivyo, katika vitongoji vya Wazo, Tegeta na Boko wako wanandoa ambao wametimiza miaka kumi ya ndoa bila ya wao wawili kulala ufukweni hata usiku mmoja. Pwani kwao ni mahali pa kuwapeleka watoto siku ya Idi au Jumatatu ya Pasaka, kula mihogo ya kukaanga, na kurejea nyumbani kabla jua halijatua.

Si kwamba likizo haipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo. Lakini siku hizo tumezoea kuzipeleka kijijini: wiki mbili kwa wazazi wa mume, wiki moja ukweni, siku zilizosalia za safari na kufua nguo. Ni desturi njema, wala hapana anayetaka ifutwe. Ila yafaa tuseme wazi kwamba katika safari hiyo mume hupumzika na mke hubadilisha jiko tu. Anaondoka kwenye jiko lake la mkaa lililozoeleka na kwenda kuinamia mafiga ya mama mkwe, huku akichunguzwa jinsi anavyosonga ugali. Arudipo kazini amechoka kuliko alivyoondoka.

Wapo watakaosema kwamba mume na mke kujitenga peke yao ni mambo ya Wazungu. Kauli hiyo haina msingi. Watu wa pwani wana fungate, zile siku saba ambazo bwana na bibi arusi hukaa ndani, wakihudumiwa na wengine, bila kusumbuliwa na kazi wala wageni. Wazee waliona kwamba wawili wanahitaji muda wa kufahamiana. Hawakusema popote kwamba haja hiyo huisha siku ya nane.

Basi, twende wapi?

Jirani kabisa iko Kunduchi, yenye kijiji cha wavuvi na magofu ya msikiti wa kale pamoja na makaburi yake ya nguzo. Kwa faragha, lakini, siku za mwisho wa juma si mahali pake, maana muziki na umati wa vijana huwa vingi. Tena ufukwe wenyewe una historia ya kusikitisha. Kwa miaka mingi mchanga ulichimbwa kwa ajili ya ujenzi katika mito inayoteremka kuelekea bahari hiyo, ukiwamo mto wa Tegeta, na mito ndiyo iliyokuwa ikiulisha ufukwe. Bahari iliponyimwa mchanga wake iliufuata nchi kavu. Hoteli ya Africana ililiwa na mawimbi mpaka ikaachwa, na wengine walilazimika kujenga kuta za mawe kuyazuia maji. Anayetafuta hoteli katika ukanda huu hana budi kuuliza kama bado upo mchanga wa kukaliwa maji yanapojaa, au ni ukuta na ngazi tu.

Mbele ya Kunduchi kiko kisiwa cha Mbudya, ambacho pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini kilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Boti huchukua muda mfupi. Ukienda Jumanne au Jumatano, unaweza kupata kibanda cha makuti, samaki wa kukaanga na ukimya ambao hauwaziki Jumapili. Kwa wenye mfuko mwembamba hapa pana thamani kubwa.

Bagamoyo ni safari nyepesi kutoka Wazo, barabara ni ileile moja. Mji una hadhi yake na magofu ya Kaole yanastahili kutembelewa. Ila mto Ruvu humwaga maji yake upande wa kaskazini ya mji, kwa hiyo anayetamani maji ya kuonekana mpaka chini atavunjika moyo. Upande wa Kigamboni, tangu daraja la Kurasini lilipofunguliwa mwaka 2016, wakazi wa kaskazini ya jiji si lazima tena wasubiri kivuko. Ukipita Mjimwema na Gezaulole kuelekea Kimbiji na Ras Kutani, majengo yanapungua na fukwe zinarefuka. Bahari ya huko iko wazi zaidi, na mawimbi yake wakati wa kusi si ya kuchezea.

Kwa wanaoweza kwenda mbali, mimi ningetaja mahali pawili. Pa kwanza ni Ushongo, kusini ya Pangani, kijiji cha minazi chenye hoteli ndogo ndogo chache. Mbele yake liko fungu la Maziwe, ambalo zamani lilikuwa kisiwa chenye miti na kasa wakitaga hapo. Leo ni mchanga mtupu unaofunikwa na maji yajaapo. Pa pili ni Mafia, penye hifadhi ya kwanza ya bahari nchini, iliyotangazwa mwaka 1995. Ndege kutoka Dar es Salaam hutumia kama nusu saa, na wasio na nauli hiyo hupita Nyamisati kwa chombo cha majini. Kuanzia Oktoba hadi Februari papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani na asiyemdhuru mtu, huja karibu na Kilindoni.

Zanzibar kila mtu anaijua. La kuzingatia ni upande gani. Paje na Jambiani, pwani ya mashariki, maji yakipwa husogea mbali sana, na akina mama huingia kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza huko mwaka 1989. Kendwa, kaskazini, mtu anaweza kuogelea karibu saa zote, lakini huko watu ni wengi.

Hapa ndipo wengi hukosea. Huchagua mahali kwa picha, na picha hupigwa maji yakiwa yamejaa. Katika pwani yetu, siku za bamvu, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri. Saa nne asubuhi, wageni wanapomaliza chai na kushika taulo, bahari imeondoka. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa katikati ya asubuhi, na hayapandi wala kushuka sana. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwenye kalenda ya mwezi anaweza kupanga likizo yake vizuri kuliko mwenye kitabu cha picha. Kuhusu majira, epukeni masika, Machi mwishoni hadi Mei, ambapo baadhi ya hoteli za mbali hufunga kabisa.

Neno moja juu ya faragha yenyewe. Zipo hoteli ambazo faragha yake imepatikana kwa kujenga uzio hadi majini, mvuvi akalazimika kuzunguka ili afike kwenye ngalawa yake. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Binafsi naona faragha ya kweli ni ya umbali na uchache wa vyumba. Mwanakijiji anayepita na ndoo ya dagaa haivunji.

Kabla ya kulipa, ulizieni bei ya mkazi, kwani mara nyingi ni tofauti na ya mgeni. Ulizieni kama chakula kimo, kwa sababu mahali pa upweke hapana mgahawa mwingine wa kukimbilia. Ulizieni chandarua, umeme wa usiku na zahanati iliyo karibu. Na kwa kuwa mwajiri ndiye mwenye kauli juu ya tarehe ya likizo, barua zenu mbili za maombi ziandikwe mapema na zitaje wiki moja. Watoto waachwe kwa bibi au shangazi, pamoja na fedha ya matumizi na kadi zao za kliniki.