Sura ya Saba: Lafudhi, Sikio na Ulimi

Miongoni mwa watu wazima wanaokwenda kwa mwalimu wa matamshi ya Kiingereza, wawe ni wauguzi waliohamia Uingereza, wanafunzi wa vyuo vya Marekani, ama wafanyakazi wa mahoteli ya Unguja na Dubai, wengi hutaja haja moja kwa maneno yale yale, kwamba wanataka lafudhi yao iondolewe. Na mwalimu mwenye insafu, kabla hajapokea ujira wake, hana budi kuwaambia kuwa haja hiyo imebeba mambo mawili yaliyofungamana kwa dhana tu, wala si kwa hakika. Kueleweka ni jambo moja, na kufanana na mwenyeji ni jambo jingine. Msikilizaji wa Kiswahili analijua hili tangu zamani pasipo kufundishwa, maana akiwa sokoni Kariakoo au barazani Mombasa hutambua mara moja kwamba huyu ni Msukuma, yule ni Mkikuyu, na wa tatu ametoka Lubumbashi, ilhali maneno ya wote watatu humfikia yakiwa kamili, akawauzia, akanunua kwao, na akabishana nao hata jua likachwa. Wataalamu wawili wa Kanada, Murray Munro na Tracey Derwing, walilithibitisha jambo hilo kwa upande wa Kiingereza mwaka 1995, walipowapa wasikilizaji waliozaliwa na lugha hiyo sauti za Wachina zilizonaswa, wakawataka waandike walichosikia na kupima uzito wa lafudhi. Ikadhihirika kwamba sentensi nyingi zilizohukumiwa kuwa na lafudhi nzito ziliandikwa sawasawa, bila ya kukosewa hata neno moja.

Kule kuyachanganya mambo hayo mawili kuna historia yake, nayo ni historia ya daraja za watu kuliko ya sauti. Katika tamthilia ya Bernard Shaw iitwayo Pygmalion, iliyochezwa Vienna mwaka 1913 na London mwaka 1914, bingwa wa fonetiki Henry Higgins anamfunza msichana muuza maua matamshi ya mabibi wakubwa, hata akaweza kupita kati yao asitambulikane alikotoka. Mwaka 1917 Daniel Jones wa University College London alitoa kamusi ya matamshi ambayo kipimo chake kilikuwa usemi wa jamaa za kusini mwa Uingereza ambao watoto wao wa kiume walisomeshwa katika shule kubwa za bweni. Na mwaka 1926 BBC iliunda kamati ya kuwashauri watangazaji wake namna ya kutamka. Jones alikuwa mwangalifu kusema kwamba anaeleza tu jinsi watu fulani wanavyosema, wala hamwamrishi mtu, lakini wasomaji wake, hasa wa makoloni, waliipokea kamusi kama sheria, ingawa Waingereza walio wengi hawakupata kusema vile hata siku moja. Nasi tusiwacheke, maana Kiunguja kilipofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, wako wasemaji wa Kimvita ambao hawajaridhika hadi leo, na wako wa Unguja ambao hudhani uteuzi ule ulikuwa shahada ya ubora.

Tuiache hadhi, tutazame viungo. Aghalabu mtu hudhani kuwa kasoro ya matamshi iko ulimini, akauhimiza ulimi kwa mazoezi mengi bila ya kuona faida, kwa kuwa ulimi ni mtumishi wa sikio, na sikio la mtu mzima limekwisha kuamua zamani ni tofauti zipi zinazostahili kusikiwa. Janet Werker na Richard Tees walionyesha mwaka 1984 kwamba watoto wachanga wa nyumba za Kiingereza huko Kanada, wakiwa na umri wa miezi 6 hadi 8, waliweza kutenga sauti za Kihindi ambazo wazazi wao hawakuzitenga kabisa, na kwamba walipokaribia mwaka mmoja uwezo huo ulikuwa umefifia kwa wengi wao. Sikio halikuharibika; lilijifunza kupuuza lisilolifaa. Habari njema ni kuwa lililopuuzwa laweza kurudishwa kwa kiasi. Katika miaka ya 1990 David Pisoni na wenzake wa Chuo Kikuu cha Indiana waliwafundisha Wajapani watu wazima kutenga r na l za Kiingereza kwa kuwasikilizisha maneno mengi kutoka kwa wasemaji mbalimbali, wakiwaambia papo hapo kama wamepata au wamekosa; na mwaka 1997 Ann Bradlow na Pisoni, pamoja na wenzao, wakaeleza kwamba wanafunzi hao, ambao walisikiliza tu wala hawakufundishwa kutamka, walitamka vizuri zaidi baada ya mafunzo. Siri ilikuwa wingi wa sauti, kwa maana anayemsikiliza mwalimu mmoja peke yake hujifunza sauti ya mwalimu yule, asijifunze lugha.

Mswahili aingiapo katika darasa hilo haendi mikono mitupu. Sauti ya mwanzo ya "think" na ile ya "this", ambazo humtoa jasho Mfaransa na Mjerumani kwa miaka, yeye anazo tangu utotoni katika thelathini na dhahabu, maadamu amelelewa mahali ambapo hazikugeuzwa kuwa s na z. Na mtu wa pwani aliyezoea kutenga paa la nyumba na paa wa mwituni kwa ile pumzi inayotoka pamoja na p, amekwisha kuwa na pumzi ambayo Mwingereza huitia mwanzoni mwa "pin", na ambayo ikikosekana sikio lake huweza kusikia "bin". Kwa hiyo mwalimu anayeanza kwa kumtolesha kila mwanafunzi ulimi katikati ya meno, kwa kuwa kitabu chake kiliandikwa kwa ajili ya Wafaransa, anapoteza saa na fedha za watu.

Upungufu uko kwingine. Kiswahili kina irabu tano, na Kiingereza cha kusini mwa Uingereza, kwa hesabu ya kawaida ya wanafonetiki, kina takriban 20, zikihesabiwa pamoja na zile za kuunganika. Na Mswahili hana la kufanya ila kuzipokea zote kwa tano alizo nazo, hata "cat", "cut" na "cart" zikatoka kinywani mwake kwa sura moja. Lakini si kila tofauti ina kazi sawa na nyingine. Irabu za "ship" na "sheep" hutenga maneno mengi mno, na kuzijua ni faida ya kila siku. Zile za "pull" na "pool" hutenga machache, na muktadha wa maneno aghalabu humwokoa msemaji. Mwisho wa neno pia una mtego wake, kwani neno la Kiswahili hukoma kwa irabu, na hata la kigeni huongezewa moja likastarehe, kama lilivyo kilabu au madigadi. Akishajizuia kusema "bedi", mwanafunzi hukutana na jambo la ndani zaidi, kwamba Mwingereza hutenga "bed" na "bet" kwa urefu wa irabu kuliko kwa konsonanti yenyewe. Basi irabu ya "bed" ikivutwa kidogo, sikio la msikilizaji hutosheka, hata kama d ya mwisho imefifia. Naona hila hii ndogo inafaa kuliko kumhimiza mtu atetemeshe koo mpaka achoke.

Na juu ya yote hayo kuna mkazo. Katika Kiswahili, isipokuwa maneno machache kama lazima, mkazo hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi nyingine hupata haki zao kama walaji waliozunguka sinia moja, kila mmoja na tonge lake. Katika Kiingereza mlaji mmoja hushiba na majirani zake wakabaki na makombo. Tena mkazo wenyewe huhama: "photograph" waanza mwanzoni, "photographer" wasogea mbele, na "photographic" wasogea tena, na kila unapohama, irabu zilizoachwa hunywea zikawa sauti moja hafifu ya katikati ya kinywa, isiyo na herufi yake katika abjadi, nayo ndiyo irabu itumikayo mno kuliko zote katika lugha ile. Mwaka 1988 Anne Cutler na Dennis Norris walieleza kwamba msikilizaji wa Kiingereza huzitumia silabi zenye nguvu kubahatisha mahali neno linapoanzia. Kwa hiyo anayeweka nguvu pasipo mahali pake humpeleka msikilizaji kulitafuta neno jingine kabisa. Mathalan muuguzi anayetaja kipimo cha dawa: "fifteen" na "fifty", zikitamkwa zote kwa mkazo wa Kiswahili na n ya mwisho ikamezwa, huwa ni hesabu moja, na hapo suala la lafudhi halihusu tena haya wala fahari.

Jennifer Jenkins, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alitoa hoja kuwa wageni wanapozungumza Kiingereza wao kwa wao, kama Mtanzania na Mfilipino wanaofanya kazi pamoja katika nchi za Ghuba, urefu wa irabu, konsonanti zinazofuatana mwanzoni mwa neno, na mkazo mkuu wa sentensi vyafaa kulindwa, na th yaweza kuachwa salama. Mkazo wa neno moja moja hakuutia katika orodha ya yaliyo lazima. Mimi naafikiana naye katika mengi, ila kwa mwenye kuzungumza kutwa na wenyeji wa Kiingereza, nadhani mkazo wa neno ni wa kutangulizwa, kwa sababu ile ya Cutler na Norris.

Basi somo jema huanza kwa kunasa sauti ya mwanafunzi akisoma, kisha akizungumza kwa hiari yake, na kwa kumwuliza ni maneno gani watu humrudisha ayaseme tena. Kutoka hapo huchaguliwa mambo mawili au matatu, yakasikilizwa kwa sauti nyingi kabla ya kutamkwa, na baadaye yakajaribiwa katika simu, ambako uso na mikono haviwezi kumsaidia msemaji. Ni vema pia ajifunze kutua penye viungo vya maana, kuliko kuburuta kila neno, jambo linalomchosha msikilizaji bila ya kumfafanulia kitu. Matangazo yanayoahidi kufuta lafudhi kwa majuma machache yaachwe yapite. Hata chama cha Marekani cha wataalamu wa usemi na usikivu kinashikilia kuwa lafudhi si ugonjwa, na kwamba anayejifunza kuibadili hufanya hivyo kwa hiari yake.

Limebaki lile lisilotibiwa kwa somo lolote la msemaji. Mwaka 1992 Donald Rubin wa Chuo Kikuu cha Georgia aliwasikilizisha wanafunzi mhadhara mmoja ulionaswa kwa sauti ya mwanamke mmoja, Mmarekani wa kuzaliwa. Kundi moja likaonyeshwa picha ya mwanamke wa Kizungu, na jingine picha ya mwanamke mwenye sura ya Kichina. Waliomwona wa pili walidai kuwa wamesikia lafudhi ya kigeni, na wakaonekana kukumbuka machache zaidi ya yale yaliyosemwa. Kwa kuwa mzigo umegawanyika hivyo, Derwing na Munro, pamoja na Marian Rossiter, waligeuza darasa: mwaka 2002 walieleza jinsi walivyowafundisha wanafunzi wa Kanada waliokuwa wakisomea kazi za ustawi wa jamii kuisikiliza lafudhi ya Kivietinamu, wakiwaonyesha sauti zipi hubadilika na kwa sababu gani. Katika kuelewa, waliofundishwa hawakuwapita sana wenzao ambao hawakufundishwa; lakini walisema kwamba sasa wana imani zaidi ya kuzungumza na wahamiaji, jambo ambalo mtu mwenye lafudhi, hata awe fasaha namna gani, hawezi kulijifunza kwa niaba yao.